Vitenzi vya Kiingereza: Tusivikariri, Tuvitumie

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari, watoto wetu wengi hukabiliwa na badiliko ambalo sisi wazazi aghalabu hatulipimi uzito wake. Mtoto aliyejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, na akaufanya mtihani wake wa mwisho kwa Kiswahili, huingia Kidato cha Kwanza akakuta baiolojia, jiografia na hisabati vyote vinamngoja kwa Kiingereza. Sare tumemshonea, madaftari tumemnunulia, nauli tumempa. Lakini lugha ya kusomea hatukumpa, kwa kuwa tulidhani hiyo ni kazi ya mwalimu peke yake.

Leo tuzungumze juu ya kipande kimoja tu cha lugha hiyo, kipande kidogo lakini chenye kuwaangusha wengi: vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni. Na mfano wetu tuutoe Isaka, katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga.

Isaka si mji mkubwa, lakini ni mji wa njia. Reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1928, hupita hapo; na hapo ndipo ilipo bandari kavu ambako shehena ziletwazo kutoka Dar es Salaam hushushwa na kupakiwa katika malori yaelekeayo Rwanda na Burundi. Tangu mwaka 2021, mradi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilometa 341 pamoja na njia za kupishania, umewaleta pia mafundi na wahandisi kutoka China. Ukiishika barabara ya Kahama na kuendelea mbele, utaingia katika ukanda wa dhahabu wa Bulyanhulu na Geita. Katika njia hiyo Msukuma hukutana na Mnyarwanda, Mrundi hukutana na Mchina, na karatasi iliyo mikononi mwao, iwe hati ya shehena au maagizo ya mtambo, mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeinyonya kwa mama yake. Rwanda yenyewe iliamua mwaka 2008 kuhamisha elimu yake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Basi katika mji kama huo, Kiingereza si pambo la msomi. Ni chombo cha kazi kama nyundo na mizani.

Mzazi mmoja, mpakuaji wa mizigo hapo Isaka, aliwahi kuuliza swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni. Alisema: "Mwanangu anaimba 'go, went, gone' kama wimbo wa mchakamchaka, wala hakosei. Lakini akipewa kuandika habari za jana, huandika 'Yesterday I go to the market'. Je, kosa ni la mtoto, la mwalimu, au la Kiingereza chenyewe?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu kamili.

KIINGEREZA CHENYEWE

Tuanze na lugha. Kanuni ya Kiingereza ya kuonyesha wakati uliopita ni nyepesi: chukua kitenzi, ongeza "-ed" mwishoni. "Load" ikawa "loaded", "wait" ikawa "waited". Lau vitenzi vyote vingefuata kanuni hiyo, mtoto angemaliza somo kwa juma moja. Lakini viko vitenzi vinavyoikataa. "Go" haiwi "goed", huwa "went". "Bring" haiwi "bringed", huwa "brought". "Cut" haibadiliki hata kidogo.

Ukaidi huu una historia. Makabila yaliyovuka Bahari ya Kaskazini na kuhamia kisiwa cha Uingereza kuanzia karne ya 5 yalikuja na vitenzi vya namna mbili. Namna ya kwanza ilionyesha wakati uliopita kwa kubadili sauti ya katikati ya neno. Ndiyo maana hadi leo "sing" huwa "sang", na "drive" huwa "drove". Namna ya pili iliongeza kiishio, na kiishio hicho ndicho kilichozaa "-ed" ya leo. Kadiri karne zilivyopita, namna ya pili ilishika nguvu, kwa kuwa vitenzi vipya vilivyoingia katika lugha vilipokewa kwa kiishio hicho, na hata vitenzi vya zamani vikaanza kuhama kimoja kimoja.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha hesabu yao katika jarida la Nature. Walichukua vitenzi 177 ambavyo katika Kiingereza cha kale havikuwa vikifuata kanuni, wakavifuatilia kwa muda wa miaka 1,200 hivi. Vilivyodumu katika hali ile ya zamani hadi leo ni 98 tu. Vingine vyote vimesalimu amri. "Help", kwa mfano, zamani ilikuwa na "holpen", neno ambalo bado linaonekana katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Leo kila mtu husema "helped".

Sasa, ni vitenzi gani vilivyonusurika? Hapa ndipo penye fundisho. Vilivyonusurika ni vile ambavyo watu huvitumia kila siku. Kitenzi kinachotamkwa mara moja kwa mwezi husahauliwa namna yake ya pekee, na mtu hukivika "-ed" asijue hata kama amekosea. Lakini kitenzi kinachotamkwa asubuhi, mchana na jioni hakipati nafasi ya kusahauliwa. Ndiyo sababu vitenzi kumi vinavyotumika kuliko vyote katika Kiingereza, miongoni mwao vile vya kuwa, kuwa na, kutenda, kusema, kwenda na kupata, vyote havifuati kanuni. Hata hiyo "went" ya ajabu ilikuwa ya kitenzi kingine kabisa, "wend", maana yake kushika njia. "Go" iliiazima, ikaitumia, na mwishowe haikuirudisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, vitenzi hivi havikuwekwa na mtu mwovu ili kuwatesa watoto wa Isaka. Matumizi ndiyo yaliyovihifadhi. Na kitu kilichohifadhiwa kwa matumizi, hakuna njia ya kukipata isipokuwa kwa kukitumia.

KISWAHILI NACHO

Pengine utasema kwamba Kiswahili chetu hakina mambo hayo. Subiri kwanza. Mwangalie mhandisi wa kigeni anayejifunza Kiswahili kazini. Kichina chake hakibadili kitenzi kwa ajili ya wakati. Huongeza neno au kijineno cha pembeni. Anaambiwa kwamba katika Kiswahili, ukitaka kuamuru, ondoa "ku". Kusoma, soma. Kupika, pika. Anafurahi. Kesho yake anataka kumwita kibarua, anapaza sauti: "Ja!" Watu wanacheka. Anaambiwa ni "njoo". Anajaribu "enda", anaambiwa ni "nenda". Anajaribu "leta", anaambiwa kwamba Kiswahili sanifu husema "lete". Anasema "nilisoma, nilipika, nilila", anaambiwa ni "nilikula". Basi anakanusha kwa uhakika, "mimi sikuli nyama", anaambiwa, la, hapo "ku" haitakiwi, ni "sili".

Tazama ni vitenzi gani hivyo vinavyomsumbua: kuja, kwenda, kuleta, kula. Si maneno ya mahakamani wala ya vitabuni. Ni maneno ya uani na jikoni. Kiswahili nacho, kama Kiingereza, huweka ukaidi wake katika maneno yatumikayo kuliko yote. Wala hakuna mtoto wetu aliyepewa orodha ya kukariri "njoo, nenda, lete". Aliyajua kwa sababu mama yake alimwita mara elfu, akamtuma mara elfu, na mara elfu nyingine akamwambia alete maji.

Mtoto anayeimba "go, went, gone" ameipata orodha, hajaipata ile mara elfu. Hapo ndipo lilipo kosa, nalo si la akili yake.

DARAJA TULILO NALO

Walimu wengi hufundisha vitenzi hivi kwa safu tatu: shina, wakati uliopita, na umbo la tatu. Mtoto huziimba safu hizo bila kujua kila moja ina kazi gani. Lakini Kiswahili kina viambishi vinavyoweza kumwonyesha kazi hiyo, akiongozwa vizuri.

Safu ya kwanza ni ya mazoea na ya wakati ujao. "Baba hupakua mizigo", "Father unloads cargo". "Treni itaondoka", "The train will leave". Safu ya pili ni "-li-" yetu: tendo limekwisha, na siku yake inajulikana. "Treni iliondoka jana", "The train left yesterday". Safu ya tatu haisimami peke yake. Hutanguliwa na "has" au "have", na kazi yake hukaribiana na "-me-" yetu: tendo limekamilika, na matokeo yake yapo mbele yetu. "Treni imeondoka", "The train has left", maana yake usiisubiri. Na kinyume chake tunacho pia katika "-ja-": "Treni haijaondoka", "The train has not left".

Mtu mzima aliyekulia katika lugha za Kibantu hatashangazwa na utengano huu. Kihaya, kwa mfano, hutenga tendo la leo, tendo la jana, na tendo la siku nyingi zilizopita, kila moja na umbo lake. Sisi ni watu tuliozoea kupima wakati kwa kitenzi. Tunachokosa ni kuonyeshwa kwamba Kiingereza nacho hupima.

Liko onyo moja hapa. "-me-" ya Kiswahili ina kazi ya ziada: huonyesha hali. Tukisema "mtoto amelala", tuna maana kwamba yuko usingizini sasa hivi, na Mwingereza atasema "The child is asleep". Vivyo hivyo "nimechoka" ni "I am tired". Kwa hiyo "-me-" ya tendo na "-me-" ya hali zisichanganywe.

Liko pia kosa lililoenea mno, la kuandika "I did not went". Dawa yake tunayo. Katika "sikuenda", kijisehemu "-ku-" ndicho kinachobeba wakati uliopita, na kitenzi "enda" kinabaki kama kilivyo, hatusemi "sikulienda". Ndivyo ilivyo katika Kiingereza. "Did" imekwisha kuubeba wakati uliopita, basi kitenzi kinarudi katika shina lake: "I did not go". Mzigo mmoja haubebwi na wapagazi wawili. Mtoto akilielewa hilo, kosa hilo hutoweka, kwa kuwa ameliona ndani ya lugha yake mwenyewe.

VITENZI VYA MTAANI KWETU

Orodha ndefu humchosha mtoto. Afadhali vitenzi vigawanywe kwa jamaa zake, na vichaguliwe vile vinavyoishi karibu na mtoto.

Jamaa ya kwanza ni ya vitenzi visivyobadilika: "cut", "put", "shut", "hit", "cost". Vyote vitatu, jana, leo na kesho, ni vilevile. "Read" pia huandikwa vilevile, ila wakati uliopita hutamkwa "red".

Jamaa ya pili ni ya vile ambavyo safu ya pili na ya tatu hufanana. Hii ndiyo jamaa ya sokoni na kazini: "buy, bought, bought", kununua, "sell, sold, sold", kuuza, "pay, paid, paid", kulipa, "bring, brought, brought", kuleta, "send, sent, sent", kutuma, "keep, kept, kept", kutunza, "lose, lost, lost", kupoteza, "find, found, found", kupata kilichopotea, "build, built, built", kujenga, na kwa ndugu zetu wa machimboni, "dig, dug, dug", kuchimba.

Jamaa ya tatu hubadili sauti kwa mpangilio wa i, a, u: "begin, began, begun", kuanza, "drink, drank, drunk", kunywa, "ring, rang, rung", kupiga kengele.

Jamaa ya nne huishia kwa "n" katika safu ya tatu: "write, wrote, written", kuandika, "drive, drove, driven", kuendesha gari, "break, broke, broken", kuvunja, "steal, stole, stolen", kuiba, "take, took, taken", kuchukua, "give, gave, given", kutoa, "see, saw, seen", kuona, "eat, ate, eaten", kula.

Jamaa ya tano hurudi nyumbani: "come, came, come", kuja, na "run, ran, run", kukimbia. Na "be" iko peke yake, kwa kuwa imekusanywa kutoka mizizi mbalimbali ya kale: "am, is, are" kwa leo, "was" na "were" kwa jana, na "been" katika safu ya tatu.

Tusicheke umbo hilo la "be". "Kuwa" yetu nayo katika wakati uliopo huacha umbo lake ikawa "ni", ikikanushwa ikawa "si", na mahali ikawa "yuko".

KWA NINI INATUPASA KUJALI

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya mtihani tu. Hata yangekuwa ya mtihani tu yangestahili kujaliwa, maana mtoto anayejua vema jinsi chakula kinavyosagwa tumboni huweza kukosa alama kwa kushindwa kulieleza jambo hilo kwa Kiingereza. Suala hilo si geni. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni mwetu, wakaeleza kwamba kiwango cha wanafunzi wengi kilikuwa chini mno kwa kusomea masomo mengine. Mjadala huo ni wa haki, na bado haujafungwa. Lakini mtoto aliyeko Kidato cha Kwanza leo hawezi kuusubiri umalizike.

Na liko jambo zito kuliko mtihani. Tuchukue mifano ya kazini, mifano tu, si matukio. Katika mgodi, kabla ya mwamba kulipuliwa, taarifa huandikwa juu ya watu waliokuwa chini. Mwandishi mmoja anaandika "The men have left", yaani watu wameondoka. Mwingine, aliyeimba safu bila kuzielewa, anaandika "The men leave". Sentensi hiyo ya pili ina maana gani? Huondoka kila siku? Wataondoka baadaye? Wameshaondoka? Hapo, herufi chache ni roho za watu.

Au chukua ile jamaa isiyobadilika. Fundi anaandika katika daftari la zamu, "We shut the gate". Kwa kuwa "shut" ya leo na "shut" ya jana ni moja, msomaji hawezi kujua kama fundi alifunga lango usiku ule au anaeleza tu desturi yao. Afadhali aandike "We have shut the gate", tumelifunga, au "We shut the gate at ten last night", tulilifunga jana saa nne usiku. Kitenzi kinapokuwa bubu, neno la wakati lazima lisemee.

Neno lingine linahusu kauli ya kutenda. Nashauri mtoto aimarike katika kauli hiyo kwanza, kabla hajaingia katika kauli ya kutendwa. Katika Kiswahili kutendwa huja kwa "w" tu: aliandika, iliandikwa. Kiingereza hutaka "was" au "were" pamoja na safu ya tatu: "The letter was written". Asiyeijua safu ya tatu hataiweza kauli hiyo. Tena kauli ya kutenda ina faida yake katika uwajibikaji. "The seal was broken", lakiri ya kontena ilivunjwa, na nani? Sentensi haisemi. Lakini "The driver broke the seal" inamtaja mtendaji waziwazi, na kazi ya kuuliza inakuwa imepungua. Tuwafundishe watoto kusema ni nani aliyetenda, na lini.

LA KUFANYA NYUMBANI

Mzazi atasema: "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni iliyofuata wako wazazi waliojifunza kusoma wakati watoto wao nao wakijifunza, na hakuna aliyepungukiwa heshima. Msaada unaotakiwa hapa ni mdogo kuliko huo.

Kwanza, vitenzi vitano kwa juma, visizidi. Vichaguliwe kutoka kazi za nyumba ile. Mama akiwa ni mama lishe pale stesheni, juma hilo liwe la kununua, kuuza, kulipa, kula na kunywa. Baba akiwa dereva, liwe la kuendesha, kuvunja, kuchukua, kuleta na kupoteza.

Pili, kila kitenzi kitungiwe sentensi tatu, wala kisiimbwe kamwe bila sentensi: moja ya kila siku, moja ya jana, na moja ya jambo ambalo tayari limefanyika. "My mother sells rice every day." "My mother sold rice yesterday." "My mother has sold all the rice." Hapo safu tatu zimepata uhai, na kila moja inajulikana ina kazi gani.

Tatu, kila jioni mtoto aandike mistari mitano juu ya siku yake ilivyokuwa. Siku iliyopita ndiyo shamba la wakati uliopita. Kwa mistari mitano kila jioni, mtoto atakuwa ameandika mistari zaidi ya elfu moja na mia nane katika mwaka mmoja. Hiyo ndiyo ile mara elfu tuliyoisema.

Nne, mzazi aulize kwa Kiswahili. Ashike karatasi yenye safu tatu, amwambie mtoto asome mstari wake, kisha amuulize: "Lini?" Mtoto akisema "jana", mzazi atazame kama neno lililoandikwa ni la safu ya pili. Kwa hilo hahitaji kujua Kiingereza. Anahitaji macho na subira.

Tano, asichekwe. Mtoto akisema "goed" au "cutted", amekosa neno, lakini ameonyesha kwamba kanuni ameielewa. Watoto wa Waingereza wenyewe, wakiwa wadogo, husema "goed", na mama zao hawawaiti wajinga. Huwajibu kwa umbo sahihi na mazungumzo yakaendelea. Sisi nasi tufanye hivyo. Mtoto anayechekwa hunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote.

Wala yasidhaniwe haya kuwa ni kukipigia magoti Kiingereza. Mwalimu Nyerere alikijua Kiingereza barabara, na ujuzi huo aliutumia kukitajirisha Kiswahili, alipozitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, "Julius Caezar" mwaka 1963 na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. Anayeijua lugha ya jirani haiuzi lugha yake.

Jaribu leo, ndugu msomaji, wewe na wanao, kuziweka sentensi hizi tatu katika Kiingereza: "Lori lilileta sukari jana." "Karani ameandika barua." "Hatukuona treni." Majibu ni haya: "The lorry brought sugar yesterday." "The clerk has written the letter." "We did not see the train." Aliyekosa moja na arudie kesho, aliyepata zote na atunge nyingine tatu za nyumbani kwake. Daftari moja na kalamu moja vinatosha, na jioni moja baada ya nyingine.